Hewa Iliyovuja na Hewa ya Magendo

Gari la turbo likianza kutoa moshi mweusi katika garaji za Butembo, kauli huwa moja: linakula mafuta. Ni kweli, lakini hapo mtu ametaja dalili tu. Jina la hali yenyewe ni mchanganyiko mzito. Injini ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya mafuta. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, plagi hushika masizi na esansi hunuka hadi ndani ya gari.

Hewa inapungukia wapi? Mafundi hujibu kwamba "inavuja", na neno hilo moja hubeba makosa mawili yasiyofanana.

Katika magari mengi ya petroli yenye turbo, sensa ya hewa hukaa mara tu baada ya filta. Hewa ikishapimwa hapo, kompyuta hutoa mafuta kwa hesabu hiyo. Turbo huikandamiza na kuisukuma kupitia mabomba ya mpira na kipoza hewa. Bomba likipasuka baada ya turbo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoka nje, na mafuta yake huja vilevile. Dereva akikanyaga mlimani husikia mluzi, nguvu hukata, moshi hutoka. Huo ndio mvujo hasa.

Ufa ukiwa kati ya sensa na turbo, mambo hugeuka. Upande huo turbo hunyonya, hivyo hewa huingia bila kuhesabiwa, kama mzigo uliopita Kasindi kwa njia ya panya. Mchanganyiko huwa mwepesi, si mzito. Kifaransa cha garaji huiita prise d'air. Kiswahili kingeweza kuiita hewa ya magendo, na hakuna mtu wa Beni atakayeomba maelezo. Tena hewa hiyo haikupita kwenye filta: vumbi jekundu la barabarani huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo.

Mlima nao husingiziwa. Butembo iko juu ya meta 1,700, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani litakuwa na mchanganyiko mzito huko bila ufa wowote. Likiteremka Beni hupata nafuu. Gari lenye sensa nzima hujirekebisha lenyewe, kwa hiyo moshi wake mweusi una sababu nyingine. Hata injini ya mazutu, ambayo haina uwiano mmoja wa kudumu, hutoa moshi mweusi hewa ya turbo ikipotea.

Mashine ya kusoma kompyuta huonyesha P0172 kwa mchanganyiko mzito na P0171 kwa mwepesi. Haitaji bomba. Pengine ni injekta inayovuja, si hewa kabisa.

Injini ikiwa imezimwa, fundi huziba mdomo wa bomba upande wa filta, huingiza hewa ya kompresa isiyozidi nguvu ya turbo yenyewe, kisha hupaka maji ya sabuni kwenye kila kibano. Aangalie hasa chini ya viwiko vya mpira, ambako mvuke wa oili hujikusanya na kulainisha mpira: ufa wa hapo hauonekani kutoka juu. Mwenye gari adai kipimo hicho kwanza, kabla hajalipia sensa mpya.