Kipakatalishi kikongwe kikikataa kuwaka: Jinsi ya kutambua kiini cha hitilafu

KIPAKATALISHI kilichotumika kwa miaka mingi kinapokataa kuwaka, mwenyewe aghalabu hukimbilia mojawapo ya mambo mawili: kukibonyeza tena na tena kwa hasira, au kukipeleka kwa fundi wa kwanza anayepatikana na kumwambia tu kwamba "kimekufa". Yote mawili huweza kumgharimu. Kubonyeza ovyo huweza kuimaliza diski iliyokuwa imebakiwa na pumzi chache, nalo neno "kimekufa" humwachia fundi uhuru wa kubadilisha hata vipuri vilivyo vizima.

Hasara kubwa aghalabu si ya mashine yenyewe. Ni tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka, alama za wanafunzi wa mwalimu au picha za marehemu ambazo hazina nakala kwingine. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza katika kuchunguza kipakatalishi kikongwe ni kuokoa data kabla ya kuokoa mashine. Kanuni ya pili ni kuanza na jambo jepesi lisilo na gharama, kisha kuelekea kwenye gumu.

Hatua za kuamka

Tangu kitufe kibonyezwe hadi picha ya kazi itokee, tarakilishi hupitia hatua nne. Kwanza, umeme hufika kwenye bodi kuu kutoka kwa chaja au betri. Pili, programu ndogo iliyohifadhiwa katika bodi hiyo, iitwayo BIOS katika mashine za zamani na UEFI katika zile za baadaye, hukagua viungo muhimu: kichakataji, kumbukumbu na mitambo ya picha. Tatu, programu hiyo hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Nne, mfumo endeshi wenyewe, kama vile Windows au Linux, hupakiwa na kuanza kazi.

Hitilafu yoyote ya kuwaka huangukia katika mojawapo ya hatua hizi. Mashine isiyotoa taa wala sauti imekwama katika hatua ya kwanza. Inayowasha taa na kuzungusha feni huku kiwambo kikiwa giza imekwama katika ya pili. Inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kisha kulalamika kwamba haioni diski imekwama katika ya tatu. Nayo inayoanza kupakia Windows, ikajizima au kurudia mwanzo bila kikomo, imekwama katika ya nne. Mtumiaji akishajua mashine imekwama wapi, nusu ya kazi imekwisha.

Umeme usipofika

Uchunguzi huanzia ukutani. Soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine, kama vile chaja ya simu, na waya wa kurefushia umeme uondolewe ili chaja ichomekwe moja kwa moja. Plagi za meno matatu ya mraba zinazotumika nchini Kenya huwa na fyuzi ndani, na fyuzi iliyoungua huweza kumfanya mtu anunue chaja mpya bila sababu.

Chaja yenyewe huchakaa hasa pale waya unapoingia kwenye plagi ndogo, kwa kuwa ndipo unapopindwa kila siku. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme huweza kuthibitisha uzima wake kwa dakika moja. Chaja nyingi za vipakatalishi hutoa volti 19 hadi 20, na kiwango kamili huandikwa kwenye kibandiko chake. Chaja mbadala sharti iwe na volti hizohizo na isipungue kwa wati. Baadhi ya mashine, zikiwemo za Dell na HP zenye plagi ya duara, hutumia sindano nyembamba iliyo katikati ya plagi kuitambua chaja. Sindano hiyo ikivunjika, mashine huweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri.

Iwapo chaja ni nzima, hatua inayofuata ni kuondoa umeme uliosalia ndani. Chaja huchomolewa, betri ikiwa ni ya kutoka hutolewa, kisha kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa takriban sekunde 30. Baada ya hapo chaja pekee hurudishwa na mashine kujaribiwa bila betri. Mashine ikiwaka, mshukiwa mkuu ni betri. Katika baadhi ya ThinkPad zenye betri ya ndani, kuna tundu dogo chini ya mashine ambalo hubonyezwa kwa ncha ya klipu ili kufanya kazi hiyohiyo.

Betri iliyofura haichezewi. Kifuniko kikiinuka, padi ya kipanya ikikwama au mashine ikishindwa kutulia mezani, huenda betri imejaa gesi. Mashine hiyo izimwe, isichajiwe tena, na betri isitobolewe wala kukandamizwa, kwani betri za lithiamu hushika moto kwa kasi.

Taa zinawaka, kiwambo ni giza

Giza la kiwambo halimaanishi kwamba mashine imekufa. Katika chumba chenye giza, tochi imulikwe kiwamboni kwa upande. Picha hafifu ikionekana, mashine ni nzima na kasoro iko kwenye taa ya nyuma ya kiwambo au waya unaopita kwenye bawaba. Waya huo hukunjwa kila kifuniko kinapofunguliwa, na kwa mashine ya miaka minane au kumi hilo limetokea mara maelfu. Njia nyingine ni kuunganisha runinga au kiwambo cha nje. Picha ikitokea huko, kazi inaweza kuendelea na data ikanakiliwa bila kugusa kipuri chochote.

Picha isipotokea popote, mshukiwa wa kwanza ni vijiti vya kumbukumbu, vile ambavyo mafundi huviita RAM. Vumbi, unyevu na kutu nyembamba kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu hukata mawasiliano. Katika maeneo ya pwani kama vile Mombasa na Lamu, hewa yenye chumvi huharakisha uharibifu huo. Mashine ikiwa imetenganishwa na umeme na betri, na anayeifungua akiwa amegusa chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, vijiti hutolewa, meno yake husuguliwa taratibu kwa kifutio safi cha penseli, mabaki yakapanguswa, kisha hurudishwa kimoja kimoja. Mashine ikiwaka na kijiti kimoja na kukataa na kingine, mkosaji amepatikana. Kijiti kizima kikikataa katika tundu moja na kukubali katika jingine, basi tundu ndilo bovu.

Ikiwa mashine hutoa milio au taa zake humulika kwa mpangilio, isinyamazishwe kabla ya kusikilizwa. Hiyo ndiyo lugha ya BIOS inaposhindwa kuonyesha maandishi. Idadi ya milio au mimuliko hutaja kiungo chenye kasoro, lakini kila mtengenezaji ana msimbo wake, hivyo ni vyema kuihesabu, kuiandika na kuilinganisha na mwongozo wa aina hiyo hasa ya mashine.

Saa iliyorudi nyuma

Dalili moja hupuuzwa na wengi. Mashine inawaka, lakini tarehe imerudi miaka mingi nyuma na tovuti za benki au barua pepe zinakataa kufunguka. Ndani ya bodi kuu mna betri ndogo ya volti tatu, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayohifadhi saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme haupo. Baada ya miaka kadhaa huisha.

Madhara yake hayaishii kwenye saa. Mipangilio ikifutika, mashine huweza kusahau ni diski ipi ya kuanzia, au kubadili namna inavyowasiliana na diski, kisha Windows ikashindwa kupakia ilhali diski ni nzima. Wapo waliofutiwa kila kitu na kuwekewa mfumo upya kwa sababu ya kibetri cha bei nafuu. Kabla ya kukubali diski ifutwe, tarehe na mipangilio ya BIOS ikaguliwe. Katika mashine nyingi za Dell ukurasa huo hufunguliwa kwa kitufe cha F2, za HP kwa F10 na za ThinkPad kwa F1, mara tu baada ya kuwasha.

Diski inapolalama

Ujumbe wa kiwamboni unaosema "No bootable device" una maana kwamba mashine haikupata diski yenye mfumo endeshi. Kwanza, kila flashi iliyochomekwa iondolewe, kwani huenda mashine inajaribu kuanzia humo. Kisha BIOS ifunguliwe na kuangaliwa iwapo jina la diski linaonekana. Likionekana, kasoro huenda ni ya mpangilio au ya mfumo endeshi. Lisipoonekana, huenda diski imelegea au imeharibika.

Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali usioonekana kwa jicho. Sauti ya kugongagonga au kukwaruza ni kilio cha mwisho. Mashine ikitoa sauti hiyo izimwe mara moja. Kila dakika ya kuendelea kuiwasha huweza kukwaruza data zaidi, na anayeithamini data hiyo amwone mtaalamu wa kuokoa data kabla ya kujaribu jambo jingine.

Diski ikiwa inaonekana na haina sauti ya kutisha, data huweza kunakiliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuianzisha mashine kwa flashi yenye Linux, kama vile Ubuntu au Mint, bila kuisakinisha, kisha faili zikahamishiwa kwenye diski ya nje. Ya pili ni kuitoa diski na kuiunganisha na tarakilishi nyingine kwa waya maalumu wa USB. Iwapo diski imefungwa kwa ulinzi wa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48 utahitajika, na mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ni busara kuutafuta ufunguo huo siku mashine ingali nzima.

Mfumo endeshi ukigoma

Windows ikianza kupakia kisha ikaanguka, chanzo huenda ni sasisho lililokatizwa na kupotea kwa stima, programu mbovu au faili zilizoharibika. Windows 10 na 11 hufungua zenyewe ukurasa wa ukarabati baada ya kushindwa kuanza mara kadhaa mfululizo. Humo mtumiaji hupata huduma ya kurekebisha uanzishaji, kurudisha hali ya siku za nyuma na kuingia katika hali salama, ambamo programu chache tu hupakiwa. Katika Windows 7, hali salama hufikiwa kwa kitufe cha F8. Kusakinisha mfumo upya kuwe hatua ya mwisho, nayo ifanywe baada ya data kunakiliwa.

Mashine inayowaka vyema ikiwa baridi na kuzima baada ya dakika chache huenda inasumbuliwa na joto. Vumbi huziba njia za hewa, feni huchoka na lahamu ya kupitishia joto juu ya kichakataji hukauka. Kusafishwa ndani na kupakwa lahamu mpya huweza kuiongezea miaka.

Kukarabati au kuachana nayo

Betri, chaja, kumbukumbu, kibetri cha saa na diski ni vipuri vya kubadilishwa bila majuto. Zaidi ya hayo, kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD ndiyo tiba inayoleta nafuu kubwa zaidi kwa mashine nzee inayochelewa kuamka. Bodi kuu ni jambo jingine. Bei yake ikikaribia ya kipakatalishi kingine kilichotumika, hesabu hukataa.

Umri wa mfumo endeshi pia uzingatiwe. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 7 mwezi Januari 2020, na za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine hizo bado huwaka, lakini bila masasisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo. Windows 11 huhitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho vipakatalishi vingi vikongwe havina. Kwa hivyo Linux huwa kimbilio la mashine ambayo viungo vyake vingali imara.

Anayelazimika kwenda kwa fundi, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au mjini kwake, aende na maelezo yaliyoandikwa: mashine ilikwama katika hatua ipi, ilitoa milio mingapi, ilionyesha ujumbe gani na ni nini kilichojaribiwa. Aeleze wazi kwamba diski isifutwe bila idhini yake, na aombe arudishiwe kila kipuri kilichotolewa. Fundi mwaminifu hatakerwa na masharti hayo. Kwa aliye na mashine ambayo ingali inawaka leo, usipoziba ufa utajenga ukuta: nakala ya data kwenye diski ya nje iwekwe kabla ya asubuhi ambayo kitufe kitabonyezwa na kiwambo kisiitike.