Damu ya kundi moja, na bado mwili huikataa

Wazazi wa watoto wenye selimundu hapa Pwani huniuliza sana: "Mbona damu ni kundi lile lile la O, na mtoto kapata homa?" Mimi hufanya kazi maabara, na jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaraji.

Makundi ya A, B na O yaligunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901. Rhesus, ile "chanya" na "hasi", ikafuata mwaka 1940. Kwa kawaida hulinganishwa hayo tu. Lakini chembe nyekundu zina alama zaidi ya 300, zikiwemo Kell, Kidd na Duffy. Mwili ukitiwa damu yenye alama usiyoijua, huenda ukatengeneza kingamwili za kuishambulia. Si kila mgonjwa, ila anayetiwa damu mara kwa mara yumo hatarini zaidi. Mama mjamzito naye huweza kuzipata kutokana na damu ya mtoto aliye tumboni.

Tabu ya kingamwili hizi, hasa za Kidd, ni kuwa hufifia. Baada ya miezi kadhaa kipimo hakizioni, damu yaonekana inapatana, mgonjwa anatiwa. Mwili haukusahau. Baina ya siku 3 na 14 hivi, mgonjwa keshatoka hospitali, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa kama chai ya mkandaa, homa inapanda na damu inashuka, pengine chini ya ilivyokuwa kabla hajatiwa. Mwenye selimundu huja na maumivu pia, na jamaa husema ni ugonjwa wake tu umemrudia, aongezwe damu nyingine. Damu hiyo yaweza kuzidisha madhara.

Basi wekeni daftari. Andikeni tarehe na hospitali kila anapotiwa damu, na maabara ikitaja kingamwili, andikeni jina lake. Hata kipimo cha leo kikiwa safi, atatafutiwa damu isiyo na alama ile maisha yake yote. Na akitetemeka au kuumwa na mgongo huku damu inaingia, mwiteni muuguzi papo hapo aifunge. Homa nyingi si za hatari, lakini hilo halijulikani kwa kumtazama mgonjwa.

Daftari hilo lije naye hata usiku wa manane. Kutafuta mfuko unaofaa huchukua saa nyingi, pengine siku.