Ifahamu The Cosmos Rocks, albamu ya Queen iliyogawa mashabiki

Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, alifariki Novemba 24, 1991. Je, Queen bila yeye bado ni Queen? Swali hilo lilirudi kwa kishindo Septemba 2008, bendi hiyo ya Uingereza ilipoachia The Cosmos Rocks ikiwa na Paul Rodgers, aliyewika na Free na Bad Company.

Brian May na Roger Taylor walikuwemo. Mpiga besi John Deacon hakushiriki, alishastaafu. Jina kwenye kava: Queen + Paul Rodgers. Yaani mgeni, siyo mrithi.

Waliokubali walimsifu Rodgers kwa kutomuigiza Freddie. Waliokataa walisema sauti yake ya bluzi haiendani na mbwembwe za Queen.

Kwa shabiki wa dansi pale Kalinzi, mwimbaji kuhama si jambo geni: Hassan Bitchuka ameimba Msondo na Sikinde pia. Ila Freddie alikuwa pia mtunzi, na pengo la mtunzi halizibwi na sauti tu.

Albamu ilifika namba 5 Uingereza. Mwaka 2009 wakaachana. Baadaye akaja Adam Lambert: zaidi ya miaka 10 jukwaani, bila albamu mpya ya studio.