Historia Fupi ya Watunza Daftari la Kompyuta



Halmashauri ilipoamua kutoa kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, mimi Katibu nilipewa sehemu ya historia ya ofisi. Habari za ghala, za mizani na za malori zitaelezwa na wenye haki zaidi ya kuzieleza. Mimi nitaeleza kazi moja ambayo mkulima haioni hata asomapo jina lake katika orodha ya malipo, nayo ni kazi ya msimamizi wa hifadhidata, yaani mtunzaji wa daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Kazi hiyo naifanya pamoja na ukatibu, kwa kuwa chama hakina uwezo wa kumwajiri mtu wa peke yake.

Daftari la namna hii lina umri wa miaka sitini na ushei. Mapema katika miaka ya 1960, Charles Bachman wa kampuni ya General Electric, huko Marekani, aliziunga kumbukumbu zilizo ndani ya mashine hata moja ikaelekeza kwenye nyingine, kama mtu anavyoelekezwa nyumba kwa nyumba. Walakini mwenye kuuliza ilimpasa kuzijua njia zote. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wakati wa vita kabla ya kuajiriwa na IBM, aliandika kwamba habari zote zaweza kuwekwa katika majedwali, na mwenye kuuliza aseme tu anachokitaka, mashine ijitafutie njia yenyewe. Nadhani kila karani wa chama cha msingi angalimwelewa Codd siku ile ile. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatoa lugha ya kuulizia majedwali hayo, na SQL tuitumiayo ofisini ndiyo lugha hiyo iliyokua.

Hiyo ni historia ya wavumbuzi. Ile ya watunzaji ni historia ya hitilafu, na aliyeichunguza vema ni Jim Gray. Yeye ndiye aliyeifafanua kanuni ya muamala, kwamba kazi yenye hatua nyingi, kama kutoa fedha katika hesabu hii na kuzitia katika ile, ama itimie yote ama isifanyike hata kidogo. Ili jambo hilo liwezekane, mashine huandika kwanza pembeni kile inachokusudia kutenda, ndipo iliguse daftari lenyewe. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwashwa tena husoma yaliyoandikwa pembeni na kuifuta kazi iliyofika nusu. Mwaka 1985 Gray alichunguza sababu za kusimama kwa mitambo ya kampuni ya Tandem, akaona kuwa katika kila mara 100, mara 42 chanzo kilikuwa mikono ya watu waliokuwa wakiiendesha na kuitunza, hali ubovu wa mashine ulikuwa mara 18 tu. Mwezi wa Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco, akaenda kuyamwaga majivu ya mama yake baharini, wala hakuonekana tena.

Habari zake nilizisoma baada ya kuzihitaji, si kabla. Miaka mitano iliyopita, tulipokuwa tukiingiza malipo ya pili ya kahawa, umeme ulikatika. Uliporudi, wanachama wa chama kimoja cha msingi walikuwa wameandikiwa fedha zao hadi katikati ya orodha, na waliobaki hawakuandikiwa kitu, maana programu tuliyouziwa iliandika kila mstari peke yake bila muamala. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na watu walitarajia fedha kesho yake. Kwa haraka nikafuta malipo yale ili nianze upya, na amri niliyoiandika ikafuta pamoja nayo mapokezi yote ya msimu. Nikasema, si neno, iko nakala ya akiba. Kila Ijumaa niliinakili hifadhidata, nikaifungia kabatini na kutia sahihi kitabuni. Nilipoifungua nilikuta majalada yenye majina sahihi, na ndani hamna kitu. Ilikuwa hivyo kwa majuma kumi na moja, nami nilikuwa nimetia sahihi mara kumi na moja.

Tuliokolewa na stakabadhi za karatasi. Makarani watatu waliandika upya kwa siku sita, na wazee wawili ambao stakabadhi zao zililiwa na mchwa walilipwa kwa ushahidi wa kitabu cha mizani. Wako walionitolea maneno makali, nao walikuwa na haki. Mtu aliyeona kahawa yake ikipimwa mbele ya macho yake hawezi kuambiwa kuwa ni umeme.

Baadaye nilisoma yaliyoipata kampuni ya GitLab, itunzayo kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alidhani anafuta majalada ya seva ya akiba, kumbe ni ya seva kuu. Alipositisha amri yake, katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya, na barua za onyo zilikataliwa njiani. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Kampuni iliandika yote hadharani, nami ndiko nilikopata ujasiri wa kuandika haya.

Sasa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nakala yetu hufunguliwa katika kompyuta kuukuu isiyounganishwa na ile ya kazi. Mjumbe mmoja wa Halmashauri huchagua majina matano, na karani huyalinganisha na stakabadhi. Kazi hiyo huchukua asubuhi nzima, na wako wajumbe waionao kuwa upotevu wa wakati. Mwaka jana hoja ya kuiondoa ilishindwa kwa kura moja. Mwezi wa Machi uliofuata, stakabadhi ya mwanachama mmoja ilisema kilo 41, na daftari likasema 14. Alilipwa tofauti hiyo juma lile lile.