Alama ya Mundu na Ushahidi wa Neno: Asili ya Kuhesabu na Kikamba cha Mumbuni

Mjadala kuhusu asili ya kuhesabu aghalabu huegemea vitu vinavyoshikika. Huko Frankleben, Ujerumani, mwaka 1946 lilifukuliwa limbiko la Enzi ya Shaba lenye miundu zaidi ya 200 pamoja na mashoka. Mistari iliyomo katika miundu hiyo ilifasiriwa na mtafiti Christoph Sommerfeld kuwa ni tarakimu. Barani Afrika upo ushahidi mkongwe zaidi. Mfupa wa Ishango, uliopatikana na Jean de Heinzelin mwaka 1950 karibu na Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo, una umri wa miaka ipatayo 20,000. Katika mojawapo ya safu zake tatu, chale 3 hufuatwa na 6, na 4 hufuatwa na 8. De Heinzelin aliona humo hesabu ya maradufu. Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi.

Hitilafu hiyo yadhihirisha udhaifu wa alama: haijisemei. Hapo ndipo lugha inapostahili kuitwa shahidi. Katika Kikamba kizungumzwacho Mumbuni, kando ya mji wa Machakos, sita ni *thanthatũ*, umbo litokanalo na tatu iliyorudufiwa. Nane ni *nyaanya*, yaani nne na nne. Kanuni inayobishaniwa katika mfupa hutamkwa waziwazi katika neno.

Haimaanishi kwamba Ishango ndiyo chimbuko la Kikamba, kwani lugha za Kibantu zilifika Afrika Mashariki maelfu ya miaka baadaye. La msingi ni kuwa historia inayotambua shaba na mfupa pekee huwatoa nje ya historia ya fikra watu waliohifadhi hesabu yao kinywani.

Hifadhi hiyo nayo yaweza kupotea. Kiswahili kilikuwa na *tandatu*, *fungate* na *kenda* kabla ya sita, saba na tisa za Kiarabu kutawala. Nane ilisalia, ikibeba nne ndani yake. Fungate ikajificha katika siku saba za maarusi. Kikamba bado kinayo maneno yake yote, kuanzia *ĩmwe* hadi *ĩkũmi*. Kuyachambua maneno hayo ni kazi ya uhakiki sawa na kusoma alama za mundu, na hayasubiri kufukuliwa.