Tundu la Juu

Ndugu msomaji, hebu tuambiane ukweli. Nani kati yetu hajawahi kuokota kijiti au kifuniko cha peni, akakichomeka kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili ipate kuingia? Mimi nimefanya. Redio ikaimba, nikajiona fundi.

Kumbe lile tundu lina historia, na historia yenyewe inaanzia vitani.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, plagi za Uingereza zilikuwa vurugu tupu. Zilikuwa na pini za mviringo: ndogo za ampea 2, za kati za ampea 5, na kubwa za ampea 15. Plagi ya taa ya mezani haiingii kwenye soketi ya hita, ya hita haiingii kwingine. Soketi zenyewe chache. Wako waliopiga pasi kwa umeme waliouvuta kwenye holda ya balbu, mahali pasipo na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini mambo yakiharibika.

Mabomu ya Wajerumani yakabomoa nyumba kwa maelfu. Vita haijaisha, serikali ikaanza kupanga namna ya kujenga upya. Mwaka 1942 iliundwa kamati ya kushughulikia umeme wa majumbani. Wajumbe walikuwa 20, na mwanamke mmoja tu: Caroline Haslett. Huyu hakuwa pambo. Tangu 1919 alikuwa katibu wa chama cha wahandisi wanawake, na kuanzia 1924 aliongoza chama cha kuwafundisha wanawake matumizi ya umeme. Hoja za usalama wa jikoni alizijua kuliko mabwana wengi waliokuwa wakichora michoro tu.

Kamati ilitoa ripoti yake mwaka 1944. Tatizo la kwanza lilikuwa shaba, iliyokuwa adimu kwa ajili ya vita. Dawa yake ikawa saketi ya duara. Waya unatoka kwenye boksi la fyuzi, unapitia soketi zote, kisha unarudi palepale ulipotoka, mithili ya watoto walioshikana mikono wakicheza ukuti. Kwa kuwa umeme unaifikia kila soketi kwa njia mbili, waya mwembamba zaidi unatosha, na soketi zinakuwa nyingi.

Lakini hapo ndipo pana mtego. Duara hilo lilikuwa na fyuzi ya ampea 30 kule kwenye boksi. Waya wa taa ya mezani hauwezi kustahimili ampea 30. Utaungua huku fyuzi ya boksi ikiwa salama salimini, haina habari. Kwa hiyo kila plagi ikapewa fyuzi yake ndani. Ndiyo kile kijipipa kidogo unachokiona ukifungua plagi. Ampea 13 zilitosha hita ya kilowati 3, ambayo ndiyo kubwa waliyoitarajia chumbani.

Kisha watoto. Kamati ilitaka matundu ya umeme yawe na vifuniko ndani, mtoto asiweze kuingiza kidole wala msumari. Kiwango kilipotangazwa mwaka 1947, kwa namba BS 1363, plagi ilikuwa na pini tatu za pembe nne. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko wenzake. Inatangulia kuingia na inakuwa ya mwisho kutoka, na katika soketi nyingi yenyewe ndiyo inayofungua vifuniko vya chini. Mwaka 1984 ikaongezwa plastiki kwenye shina la pini mbili za chini, ili kidole kikiteleza wakati wa kuchomeka kisiguse chuma chenye moto.

Afrika Kusini na India walibaki na plagi zilizotokana na zile za mviringo. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tukarithi ya 1947, pamoja na busara yake yote. Tumeifanyia nini?

Nitasema la kwetu. Mpangaji mwenzetu fyuzi ya pasi yake ilikatika. Badala ya kununua nyingine, akaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akaipachika. Pasi ikawaka, akatucheka. Jioni moja waya ukaanza kutoa moshi, pazia likashika moto. Mama ndiye aliyekimbilia meni swichi akazima. Mtoto wa yule bwana alikuwa amelala kitandani, hatua mbili kutoka pale. Tulipomtoa nje, baba mtu akasema, "Ajali haina kinga."

Nilinyamaza, maana ni mkubwa wangu. Lakini kinga ilikuwepo. Iliundwa na watu waliokuwa wanalala chini ya mabomu, wakamfikiria mtoto wasiyemjua, wa nchi wasiyopata kuiona. Tuliitoa sisi wenyewe kwa mikono yetu, tukaweka karatasi ya sigara.

Sisi tunaoota kuandika riwaya tunapenda mashujaa wa bunduki. Mimi siku hizi namfikiria mama yule wa kamati, peke yake kati ya wanaume 19. Na kifuniko changu cha peni nimekirudisha kwenye peni.