Siti: Jina la Heshima Linalochekwa Kwenye Steji

 

Kama umewahi kusimama kwenye steji hapa Bisil jioni, futari ikikaribia, unazijua kelele za pale. Makanga wa gari la Kajiado na Kitengela anapiga bodi ya matatu akiita, "Siti mbili! Bado siti mbili twende!" Sasa jifikirie wewe ni msichana wa miaka 11, umetumwa tende na mama yako, na jina lako ni Siti.

Hayo ndiyo yaliyomkuta mpwa wangu. Shuleni wenzake wanamuuliza yeye ni siti ya mbele au ya nyuma. Wengine wanajifanya wanataka kumkalia. Juzi akarudi nyumbani analia, akamwambia dada yangu, "Mama, nibadilishie jina. Niite Samira, au Naima, jina lolote la Kiislamu." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ina maana mtoto amekaa na jina lake miaka yote hiyo akidhani si la dini, eti ni kiti cha gari.

Kwanza tulimalize hilo la kiti. Siti ya kwenye matatu ni neno lililotoka kwa Kiingereza, limeingia kwetu pamoja na magari. Wazee wa pwani wana siti nyingine tena, ule mlio wa filimbi au honi ya meli. Jina la mpwa wangu halina udugu na yote mawili. Limetoka kwa Kiarabu, kwa neno sitti, na maana yake ni "bibi yangu," kwa ile heshima ya bibi mkubwa wa nyumba. Wengi wanaeleza kwamba ni sayyidati lililofupishwa mdomoni, kama vile sisi tulivyofupisha Bibi tukapata Bi.

Hata Waarabu wenyewe walibishana juu yake. Al-Firuzabadi, yule mtunzi wa kamusi mashuhuri iitwayo al-Qamus, aliyefariki mwaka 1415, aliliona neno hili halijakaa sawa. Akasema ama ni makosa ya watu na lililo sahihi ni sayyidati, ama mwenye kumwita mwanamke sitti anamaanisha "ewe pande zangu sita." Unajua, sitta kwa Kiarabu ndiyo hiyo sita yetu. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini, kote ni wewe tu. Mimi si mtaalamu wa Kiarabu, lakini nikiambiwa nichague, nitachukua hiyo ya pande sita!

Watu hawakumsikiliza mwenye kamusi. Neno liliendelea, na lilikuwa limeshabebwa na wanawake wakubwa kabla yake. Misri kulikuwa na Sitt al-Mulk, dada wa khalifa al-Hakim wa Kifatimi. Kaka yake alipotoweka mwaka 1021, yeye ndiye aliyeshika mambo ya dola mpaka alipofariki mwaka 1023. Damascus kulikuwa na Sitt al-Sham, dada yake Salahuddin al-Ayyubi. Kaka tunamjua sote, tunamtaja kwenye mihadhara kila mwaka. Dada alijenga madrasa mbili kubwa za fiqhi katika mji ule, akafariki mwaka 1220, na ni wangapi kati yetu wamewahi kumsikia? Hadi leo watoto wa Palestina wanamwita nyanya yao sitti.

Neno likavuka bahari mpaka kwa Wamalay. Kule wanapowataja mama zetu waumini husema Siti Khadijah, Siti Aisyah, na kutoka hapo likawa jina la watoto wa kike. Indonesia ni moja katika majina yaliyoenea sana, na Malaysia kuna mwimbaji Siti Nurhaliza, aliyezaliwa mwaka 1979, anayejulikana nchi nyingi. Kwa hiyo mpwa wangu angezaliwa Jakarta, darasani wangekuwa na Siti watatu au wanne na hakuna wa kumcheka. Huku kwetu jina linapatikana Unguja, Pemba, Komoro na kidogo pwani ya Kenya. Kwa hapa Bisil, mimi simjui Siti mwingine.

Lakini Siti wa Afrika Mashariki anayejulikana kuliko wote hakuzaliwa na jina hilo. Ndugu msomaji, hapa nakuomba utulie kidogo.

Karibu na mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake, Saad, asili yake Mnyamwezi, na mama Mzigua. Walikuwa mafukara, na mama akifinyanga vyungu. Mtoto akaitwa Mtumwa. Soma tena: Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, na amri ya kuuondoa ilikuja mwaka 1897. Kwa hiyo jina lile halikuwa mzaha. Liliwaambia watu wewe ni nani na ukae wapi.

Mtumwa alikua, akajifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu akivinadi kwa sauti. Sauti ile ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1911 akahamia mjini Unguja, akafundishwa kuimba, na huko mjini ndiko alikoitwa Siti. Kutoka Mtumwa mpaka Bibi Mtukufu! Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na zikauzwa sana pwani yote hii. Alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake.

Najua kuna wasomaji ambao hawataki kusikia habari za taarab, tena mwezi huu. Sizungumzii muziki, nazungumzia jina. Wakati ule watu wengi waliotoka utumwani walikuwa wanajivua majina waliyopachikwa, wanajivalia wenyewe kanga na buibui walizokuwa wamenyimwa. Siti binti Saad ni mmoja wao tu, ila yeye sauti yake ilibaki kwenye santuri. Jina la baba yake fukara pia hakulitupa. Ni binti Saad mpaka kaburini.

Na jambo hili lina asili katika Sunna. Katika Sahih Muslim, Ibn Umar amesimulia kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Aasiya, yaani mwasi, akamwita Jamila. (Tafadhali dada zangu akina Asya msishtuke. La kwenu ni la mke wa Firauni, lina herufi nyingine na maana nyingine kabisa.) Pia alibadilisha jina la Barra, maana yake mwema mchamungu, kwa sababu ni kujisifu. Mama zetu Zainab bint Jahsh na Juwayriya wote wawili waliitwa Barra kwanza.

Hapo msomaji makini ataniuliza, sasa Siti si kujisifu vilevile? Nilijiuliza pia. Naona kuna tofauti kati ya kudai ucha Mungu, jambo ambalo ni Allah tu anayelijua, na neno la adabu la kumwitia mwanamke, kama Bi au Mwana. Hayo ni maoni yangu. Mwenye wasiwasi amuulize imamu wake.

Jambo moja linatuhusu sana hapa Kajiado. Tuna dada waliosilimu wakiwa na majina ya Kimaasai, na huwa nasikia wakiambiwa lazima wayaache. Kwani Umar, Uthman na Khadija walipata majina yao baada ya Uislamu? Majina hayo walikuwa nayo tangu zama za ujahili, na hawakuambiwa wayabadilishe, kwa kuwa hayakuwa na ubaya. Aliyebadilishwa ni mwenye jina baya. Sasa niambie Naserian, mwenye amani, lina ubaya gani? Ukilipeleka kwa Kiarabu utakutana na Salama mlangoni. Na Nashipae, mwenye furaha, je?

Mpwa wangu nilimweleza haya yote baada ya futari, nikiyakatakata kwa umri wake. Ya Sitt al-Mulk hayakumgusa. Ya Mtumwa yalimfanya akae kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Mjomba, mama yake alikuwa anamwita hivyo hivyo, Mtumwa, njoo ule?" Sikuwa na jibu.

Samira haijatajwa tena nyumbani. Ila mwalimu wake wa madrasa alimwonyesha kwamba kwa Kiarabu ile te ina shadda, na sasa kwenye madaftari yote, hata ya hesabu, anaandika Sitti, kwa t mbili. Anasema zile za matatu zina moja.